Hutchinson: Chuo cha Mji wa Chumvi na mataji mawili baada ya corona

Fainali ya msimu wa 2020 ilichezwa Juni 5, 2021. Si makosa ya kalenda. Ni corona.

Siku hiyo, katika uwanja wa War Memorial mjini Little Rock, jimbo la Arkansas, timu ya Hutchinson Community College kutoka Kansas iliilaza Snow College ya Utah 29-27. Ikatwaa ubingwa wa kitaifa wa vyuo vya miaka miwili katika kandanda ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira uliochongoka. Lilikuwa taji lake la kwanza katika mchezo huo. Kwa kawaida fainali hii huchezwa Desemba, watazamaji wakiwa wamejifunika makoti. Safari hii watu walikuwa wanatafuta kivuli.

Miaka mitatu na nusu baadaye, Desemba 2024, chuo hicho hicho kilishinda tena, 28-23 dhidi ya Iowa Western, huko Canyon, Texas.

Chuo cha mji mdogo kinafikaje hapo, tena baada ya janga lililofunga viwanja vya dunia nzima? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye mji wenyewe.

Chuo cha aina gani hiki?

Community college ni chuo cha umma cha miaka miwili. Mwanafunzi akitoka sekondari anajiunga, karo ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, na akimaliza ana njia mbili: aingie kazini na ujuzi wake, au ahamie chuo kikuu kumalizia miaka miwili ya digrii iliyobaki. Ukitaka mfano wa karibu, fikiria chuo cha kati ambacho mtu anaweza kukitumia kama daraja la kuingia mwaka wa tatu wa chuo kikuu. Wamarekani wanapozungumzia michezo ya vyuo hivi husema tu "juco".

Hutchinson ilianza mwaka 1928. Mji una watu wapatao 40,000, umezungukwa na mashamba ya ngano, na jina lake la utani ni Mji wa Chumvi, kwa sababu chini yake kuna chumvi iliyogunduliwa mwaka 1887 na jamaa waliokuwa wakichimba wakitafuta mafuta. Leo kuna jumba la makumbusho ndani ya mgodi, kama mita 200 chini ya ardhi. Jumba jingine, Cosmosphere, ndilo linalohifadhi chombo halisi cha Apollo 13. Kwa mji wa ukubwa huo, si haba.

Msomaji wa Kenya ataelewa haraka neno linalofuata: kaunti. Chuo hiki kinaendeshwa kwa karo, kwa pesa za jimbo, na kwa kodi ya ardhi na majengo inayotozwa wakazi wa kaunti ya Reno. Wajumbe wa bodi yake wanachaguliwa kwa kura. Yaani mwenye gereji pale mjini analipia taa za chuo hata kama hana mtoto anayesoma pale, na timu ikifungwa ana haki kamili ya kulalamika.

Na chuo kinarudisha nini? Kinafundisha wauguzi, wahudumu wa ambulensi na wazima moto, watu ambao mwaka 2020 hakuna mji uliothubutu kusema hauwahitaji. Hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Michezo ndiyo inayokifanya kijulikane nje ya Kansas.

Machi 2020: mji uliokosa wageni wake

Michezo ya vyuo vya miaka miwili inasimamiwa na chama kiitwacho NJCAA. Kilianzishwa mwaka 1938 huko Fresno, California, baada ya vyuo kadhaa vidogo vya jimbo hilo kukataliwa kushiriki mashindano ya riadha ya NCAA, chama cha vyuo vikuu. Wakaona basi, wajitengenezee chao.

Tangu 1949, mashindano ya kitaifa ya mpira wa vikapu ya wanaume ya NJCAA, daraja la kwanza, yamekuwa yakifanyika Hutchinson. Kila Machi. Timu kutoka pembe zote za nchi zinamiminika katika mji huu wa ngano na chumvi kwa takriban wiki nzima, na hoteli, mikahawa na vituo vya mafuta vinavuna.

Wenyeji wa mashindano hayo si chuo peke yake. Ni tawi nambari 68 la American Legion, chama cha askari wastaafu, tawi lenye jina la Lysle Rishel. Askari wastaafu hao ndio waliosimama na mashindano kwa zaidi ya miaka 70. Chuo kinatoa ukumbi wake, Sports Arena, uliofunguliwa mwaka 1952. Kila upande una kitu ambacho mwenzake hana: chuo kina ukumbi, Legion ina watu wa kujitolea, na mji una vitanda.

Ukumbi huo ulipochakaa, suala lilipelekwa kwa wananchi. Wakazi wa Hutchinson walipiga kura wakakubali kodi ya mauzo itumike kuukarabati, kwa kuwa bila ukumbi wa maana mashindano yangeweza kuhamia mji mwingine. Mtu aliponunua soksi dukani, senti kidogo zilikwenda kwenye ukumbi. Uhusiano wa chuo na jamii huandikwa sana kwenye vipeperushi. Hapa uliandikwa kwenye risiti.

Kisha ikaja corona. Katikati ya Machi 2020, mashindano yakiwa yamebakiza siku chache yaanze, NJCAA iliyaahirisha hadi Aprili. Machi 16 ikafuta kila kitu, pamoja na michezo yote ya majira ya machipuko: besiboli, softboli, riadha, tenisi. Mashindano ya Hutchinson hayakuchezwa mwaka huo, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mji uyapokee mwaka 1949.

Kwa mchezaji wa chuo kikuu, msimu mmoja ni robo ya maisha yake ya chuoni. Kwa mchezaji wa chuo cha miaka miwili ni nusu. Kijana aliyekuwa mwaka wa pili Machi 2020, ambaye hakuwa na chuo kikuu kilichomwahidi nafasi, alikuwa anategemea wiki hiyo moja ili aonekane na makocha. Wiki ikapita, ukumbi umefungwa.

NJCAA ilijaribu kutuliza maumivu: msimu uliofutwa haukuhesabiwa dhidi ya mchezaji, na mwaka uliofuata, 2020-21, nao haukuhesabiwa. Hatua nzuri, ingawa ilikuja na bili yake, kama itakavyoonekana mbele.

Kandanda ya majira ya machipuko

Julai 2020 NJCAA ikatangaza kwamba michezo mingi itasogezwa hadi mwaka unaofuata. Mbio za nyika zilibaki mahali pake, kwa kuwa watu wanakimbia nje na wametawanyika. Kandanda ya Kimarekani ilihamishwa hadi Machi 2021, fainali Juni.

Huo ulikuwa uamuzi mgumu kuliko unavyosikika. Kikosi cha mchezo huu ni wachezaji kwa makumi, wengi wao wanalala bweni moja, na kazi yao ni kugongana kifua kwa kifua. Na msimu ukiishia Juni, mwingine unaanza mwisho wa Agosti. Mifupa haina muda wa kupona.

Halafu kuna suala la uwanja. Hutchinson inacheza kandanda katika uwanja wa Gowans, na Gowans ni mali ya wilaya ya shule za umma za mji huo. Shule ya sekondari ya Hutchinson, timu yake ikiitwa Salthawks, yaani Mwewe wa Chumvi, inautumia uwanja huo huo. Ijumaa ni zamu ya watoto wa sekondari, Jumamosi ya chuo. Besiboli nayo inachezwa Hobart-Detter, uwanja wa mji. Bingwa wa kitaifa wa kandanda, kwa maneno mengine, ni mpangaji.

Kuna wanaoona hilo ni udhaifu. Linaweza kutazamwa upande wa pili pia: chuo kisichobeba peke yake gharama ya uwanja kinabaki na pesa za kulipia wachezaji na walimu, na shule ya sekondari inapata uwanja wenye hadhi ambayo peke yake isingeihitaji. Pesa zilipobana wakati wa corona, mzigo wa nyasi na taa haukuwa juu ya bega moja.

Kocha wa timu wakati huo alikuwa Drew Dallas, aliyekabidhiwa kazi mwaka 2020, mwaka ambao hakuna mtu mwenye akili timamu angeomba kuanza kazi mpya ya ukocha. Timu yake ya kwanza ilimaliza msimu wa 2021 bila kupoteza mchezo hata mmoja. Taji la Little Rock ndilo lililofunga hesabu.

Mpira wa vikapu nao ulirudi. Mashindano ya 2021 yalisogezwa hadi Aprili, yakafanyika palepale Hutchinson, na bingwa akawa Cowley, chuo kingine cha Kansas. Wenyeji walilikosa kombe, ila wiki yao waliipata.

Kipigo cha 31-0

Habari za ushindi zikisimuliwa peke yake huwa zinadanganya. Desemba 2022 Hutchinson ilirudi fainali, ikakutana na Iowa Western, ikatandikwa 31-0. Hata pointi ya kufutia machozi haikupatikana. Mwaka uliofuata Iowa Western ikachukua tena, safari hii kwa kuilaza East Mississippi 61-14, na wengi wakaona zama za Iowa Western zimeanza rasmi.

Ndiyo maana ushindi wa 28-23 wa Desemba 2024 ulikuwa na utamu wa pekee. Mpinzani ni yule yule, jukwaa ni lile lile la fainali, na safari hii taji likapanda basi kurudi Kansas.

Kitu kimoja kiliipa Kansas nguvu hizi kabla hata ya corona. Zamani ligi ya vyuo vya miaka miwili ya jimbo hilo, Jayhawk, iliweka kikomo cha wachezaji wa kandanda wanaotoka majimbo mengine. Mwaka 2016 kikomo hicho kiliondolewa. Makocha wakaanza kusajili kutoka Florida, Georgia, popote. Ubora ukapanda, na swali likapanda pamoja nao: kodi ya mkulima wa Reno ni ya kumsomesha kijana wa Reno, au ya kumleta mkimbiaji hodari kutoka Atlanta? Wanaotetea wanasema kila mchezaji ni mwanafunzi anayejaza dawati. Hoja hiyo ilipata uzito baada ya corona, kwa sababu madawati yalibaki wazi kweli: kufikia majira ya machipuko ya 2022, vyuo vya jamii kote Marekani vilikuwa vimepoteza zaidi ya wanafunzi 800,000 tangu janga lianze. Chuo kinachojua kwamba wachezaji wake watarudi Agosti kina uhakika ambao idara ya uhasibu haina.

Na wachezaji waliopita pale si wa kubeza. Alvin Kamara alikuwa Alabama, mambo hayakwenda, akaenda Hutchinson mwaka 2014 kujijenga upya. Baadaye Tennessee, kisha New Orleans Saints. Desemba 25, 2020, viwanja vikiwa karibu vitupu kwa sababu ya corona, aliifungia Saints tachidauni sita za kukimbia katika mechi moja, akaifikia rekodi ya NFL iliyokuwa imesimama tangu 1929. Kabla yake alipita Cordarrelle Patterson, ambaye mwaka 2022 aliweka rekodi ya NFL ya kurudisha mpira wa kuanzia hadi mstari wa goli, mara tisa katika maisha yake ya uchezaji.

Bili ya mwaka wa ziada

NCAA nayo iliwapa wachezaji wa vyuo vikuu mwaka wa ziada kwa sababu ya corona. Ni haki, ila matokeo yake yaliwaangukia wa chini. Mchezaji wa mwaka wa nne aliyepaswa kuondoka alibaki. Nafasi ambayo kijana wa juco angeichukua haikufunguka. Aprili 2021 NCAA ikaruhusu mchezaji kuhama chuo kikuu mara moja bila kukaa benchi mwaka mzima, na makocha wengi wakagundua kwamba ni rahisi kumchukua mtu mzima kutoka chuo kikuu kingine kuliko kubahatisha na kijana kutoka Kansas.

Vyuo vya miaka miwili vilibanwa pande zote mbili. Mlango wa kutokea ukawa mwembamba wakati ule ule ambapo wachezaji waliobaki na miaka ya kucheza walikuwa wengi kuliko kawaida.

Msukosuko huo ulifika mahakamani. Diego Pavia alikuwa mrushaji mkuu wa mpira wa New Mexico Military Institute, chuo cha kijeshi cha miaka miwili, kilichotwaa ubingwa wa NJCAA Desemba 2021 kwa kuifunga Iowa Western 31-13. Baadaye akahamia New Mexico State, kisha Vanderbilt huko Tennessee. Mwaka 2024 aliishtaki NCAA akidai kwamba miaka ya chuo kidogo isihesabiwe kwenye miaka yake ya chuo kikuu, kwa kuwa sasa wachezaji wa vyuo vikuu wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo na jina lao, na kila msimu anaonyimwa ni pesa. Desemba 2024, mwezi ule ule Hutchinson iliposhinda taji la pili, jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Nashville alimpa zuio la muda dhidi ya NCAA. NCAA ikalegeza kamba kwa mwaka mmoja kwa wengine waliokuwa katika hali kama yake.

Kwa chuo kama Hutchinson, hilo si jambo la wanasheria tu. Ikiwa mwaka wa juco unakula mwaka wa chuo kikuu, kijana mwenye kipaji atafikiri mara mbili kabla ya kwenda Kansas. Ukiwa hauli, foleni itarudi.

Wakenya wako wapi katika hadithi hii?

Wako kwenye mbio. Vyuo vya miaka miwili vya Kansas na majimbo jirani vimekuwa kwa miaka mingi mlango wa wakimbiaji kutoka Kenya. Wesley Kiptoo alipitia Colby Community College, kaskazini magharibi mwa Kansas, kisha akahamia Iowa State. Machi 2021, katika mashindano ya kwanza ya ndani ya NCAA tangu corona ifute yale ya 2020, alishinda mita 5,000.

Njia hiyo nusura izibwe. Julai 6, 2020 idara ya uhamiaji ya Marekani ilitangaza kwamba mwanafunzi wa kigeni ambaye masomo yake yote yako mtandaoni lazima aondoke nchini au ahamie chuo chenye madarasa ya ana kwa ana. Viwanja vya ndege vya nchi nyingi vilikuwa vimefungwa, kwa hiyo hata wa kuondoka asingejua anaondokaje. Harvard na MIT zikaenda mahakamani, na Julai 14 amri ikaondolewa. Siku nane tu, lakini wazazi wengi wa Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet hawakulala vizuri.

Kijana anayeifikiria njia hii leo aulize jambo moja kabla ya yote: chuo kiko daraja gani la NJCAA katika mchezo wake. Daraja la kwanza, kama Hutchinson katika kandanda na mpira wa vikapu, chuo kinaweza kulipia karo, vitabu, malazi na chakula. Daraja la pili ni karo, ada na vitabu. Chakula na kitanda ni juu yako. Daraja la tatu hakuna ufadhili wa michezo kabisa, hata uwe na kasi ya upepo. Chuo kimoja kinaweza kuwa daraja la kwanza katika riadha na la pili katika mchezo mwingine, kwa hiyo jina la chuo pekee halitoshi. Barua ya ufadhili isomwe mstari kwa mstari kabla ya mtu kuuza ng'ombe kwa ajili ya tiketi ya ndege.